Mlio wa Psss na Presha Inayopotea: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Magari wa Kipawa



Nimeombwa nizungumzie magari ya tabo, nami nitaanza na mlio. Ukikaa jioni kando ya Barabara ya Nyerere hapa Kipawa utasikia "psss" za kila namna. Scania iliyobeba kontena kutoka bandarini inasimama kwenye foleni: psss. Kijana mwenye Forester anaipita daladala, anaachia mafuta ili abadili gia: psss. Hilux ya dizeli inaelekea Pugu ikiwa na mzigo, inapiga mluzi mrefu na nyuma inaacha moshi mweusi. Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema, tabo hiyo, gari lina nguvu. Kumbe mlio wa kwanza ni wa breki, wa pili ni wa valvu ya tabo, na wa tatu ni wa gari gonjwa linaloomba msaada.

Hilo la breki tulimalize haraka. Upepo wa breki za lori hukaa ndani ya mitungi kwa presha ya baa 8 au zaidi. Mitungi ikijaa, kifaa cha kukausha upepo kinatema maji na hewa ya ziada, na breki zikiachiwa nazo hutoa hewa. Tabo haihusiki hata kidogo. Dereva wa lori anayedhani anasikia tabo yake ikipumua pale kwenye foleni anasikia breki zake.

Tabo yenyewe ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini, ukiwa na moto na kasi, unazungusha feni ya kwanza. Feni ya pili, iliyo upande mwingine wa shafti hiyohiyo, inavuta hewa kupitia ekilina, inaishindilia na kuisukumia injini. Hewa nyingi zaidi ikiingia, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu inaongezeka bila kuongeza ukubwa wa injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty mpaka kwenye mlima Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, akaonyesha kwamba tabo inairudishia injini nguvu inayopotea mahali penye hewa nyepesi.

Madereva wetu wanaokwenda Tunduma wanalijua jambo hilo bila kulisoma popote. Hapa Kipawa tuko karibu usawa wa bahari, na hewa inatugandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, yaani baa 1. Ukifika Mbeya, mita 1,700 juu, zimebaki 83 au pungufu kidogo. Injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya moja ya sita ya nguvu yake kwa kusafiri tu. Yenye tabo nzima inapoteza kidogo sana. Yenye tabo nzima lakini mpira wa hewa uliopasuka inapoteza kuliko zote, na ndiyo maana lori linaloonekana zima hapa Dar es Salaam huanza kulalamika likifika kwenye mlima Kitonga.

Kwa magari madogo, tabo ilijipatia jina Afrika Mashariki kupitia Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari lisilo na tabo. Mambo yakageuka mwaka 1984 Björn Waldegård aliposhinda kwa Toyota Celica ya tabo. Juha Kankkunen akashinda kwa Celica hiyo mwaka 1985, Waldegård akarudia 1986. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Celica ya tabo yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Watoto waliokuwa wakitazama Impreza ile ya buluu sasa ni watu wazima, na ndugu wa magari hayo ya mashindano wanawapata kwa bei ya mtumba kutoka Japani: Subaru Impreza, Legacy na Forester, pamoja na Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ-GTE.

Ila kuna jambo moja ambalo halikuja na magari hayo ndani ya meli. Gari la mashindano lilifuatwa na kundi la mafundi, na mpira wowote uliotiliwa shaka ulibadilishwa njiani. Forester ya mwaka 2003 inayopita hapa nje huenda bado ina mipira ileile iliyofungwa kiwandani. Imepikwa na joto la injini kwa zaidi ya miaka ishirini na kunyweshwa mvuke wa oili siku zote hizo. Mengi ya matatizo ya presha ninayokutana nayo yanatoka humo, kwenye mipira, kabla hatujaigusa tabo.

Sasa tuitazame valvu ya tabo, ile ya mlio wa pili. Gari liko gia ya tatu, dereva amekanyaga mafuta mpaka chini. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndani ya bomba linalotoka kwenye tabo kwenda injini kuna hewa iliyoshindiliwa, tuseme presha ya baa 0.8 juu ya ile ya kawaida. Dereva anaachia mafuta ili abadili gia. Kilango cha hewa, ile throto, kinafunga ghafla. Hewa inakuja kwa kasi na kukuta pamefungwa. Haina pa kwenda ila kurudi ilikotoka, na huko tabo bado inasukuma kuja mbele. Inarudi, inasukumwa, inarudi tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ukiwa karibu unasikia mtetemo, "tutututu". Feni inapunguzwa kasi, beringi inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma inapigwa, na dereva akikanyaga tena lazima asubiri tabo ikusanye kasi upya. Hata injini za ndege zinazopita juu ya mabati yetu hapa zinaogopa hali hiyo ya hewa kurudi nyuma, nazo zina valvu za kupunguza hewa ili kuizuia.

Kwenye gari la petroli valvu hiyo hukaa kati ya tabo na throto. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira au pistoni ndogo, na springi inayoifunga. Upande wa juu wa kiwambo unaingia mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi, baada ya throto. Kazi yote ya kifaa hiki inategemea mpira huo mwembamba. Dereva akikanyaga mafuta, presha ya manifodi inafika juu ya kiwambo, presha ya bomba inasukuma kutoka chini, zinakaribiana, springi inamaliza kazi na valvu inabaki imefungwa. Akiachia, throto inafunga lakini injini inaendelea kuvuta, hivyo ndani ya manifodi kunakuwa na vakyumu. Vakyumu inakivuta kiwambo juu, presha inakisukuma kutoka chini, valvu inafunguka na hewa inapata njia ya kutoka.

Inatoka kwenda wapi? Hapo ndipo vijana wetu na watu wa kiwandani wanapoachana. Subaru, kama viwanda vingi, waliirudisha hewa hiyo kwenye bomba lililo kabla ya tabo. Inazunguka humohumo, na mlio wake hausikiki mbali. Kijana akinunua gari anaivua valvu hiyo, anafunga nyingine inayotema hewa nje, ile wanayoiita dampu valvu, na sasa mtaa mzima unajua kwamba amebadili gia.

Nalisema hili kwa kuwaheshimu vijana wanaopenda magari yao, maana anayelipenda gari lake ndiye anayejifunza. Kwenye gari linalopima hewa kwa sensa iliyo karibu na ekilina, kama nyingi za Subaru hizi, valvu inayotema nje ni makosa ya hesabu. Kila kiasi cha hewa kinachopita kwenye ile sensa, kompyuta ya gari imeshakiandika na kukipangia petroli yake. Ukiimwaga hewa hiyo nje baada ya kupimwa, kompyuta haina habari, inaleta petroli ya hewa ambayo haipo. Injini inajaa petroli. Kati ya gia na gia gari linajikwaa, mdomo wa ekzosi unaota masizi, plagi zinakuwa nyeusi, na ukikaribia taa za barabarani ukiachia mafuta injini inazimika. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kichujio cha moshi na kukipika. Magari yanayopima presha ya manifodi badala ya kupima hewa inayoingia, kama yale yenye 1JZ-GTE, hayasumbuliwi na hesabu hiyo, kwa hiyo rafiki yako mwenye Chaser akikwambia yake haina shida anasema kweli. Lakini gari lako si lake.

Kuna balaa la pili ambalo halizungumzwi sana. Gari likiwa limesimama injini inanguruma taratibu, manifodi ina vakyumu, na valvu nyingi zenye springi laini hufunguka kidogo. Ya kiwandani ikifunguka hivyo hakuna ubaya, kwa kuwa hewa inazunguka ndani. Inayotema nje ikifunguka inaweza kuvuta hewa kutoka nje, hewa ambayo haikupita kwenye ekilina wala kwenye sensa. Injini inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Na ninyi mnalijua vumbi la barabara zetu za ndani wakati wa kiangazi. Vumbi hilo linaingia moja kwa moja kwenye injini.

Turudi kwa wale ambao hawajabadilisha chochote na bado gari limepoteza nguvu. Niliwahi kuletewa Legacy ambayo mwenyewe alikwishaambiwa kwingine kwamba tabo imekufa. Alikuwa ameuza vitu vyake, akanunua tabo ya mtumba, ikafungwa, na gari likabaki vilevile zito. Tulipofungua boneti, ule mpira mwembamba wa kwenda kwenye valvu ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki usipoingiza mkono. Fikirini kilichokuwa kinatokea. Juu ya kiwambo hakukuwa na presha ya kusaidia springi, kwa hiyo kila tabo ilipoanza kushindilia, presha ya bomba iliifungua valvu kutoka chini na hewa ikarudi nyuma. Tabo ya zamani ilikuwa nzima. Kipande cha mpira mpya, chenye urefu wa kiganja, kililirudisha gari katika hali yake.

Hasara ya aina hii inaniuma. Tabo ya mtumba ni mamia ya maelfu ya shilingi, na anayelipa mara nyingi ni mtu ambaye gari hilo ndilo linalompeleka kazini au kumlishia familia. Akilipa na shida ikabaki, anaacha kuwaamini mafundi wote, wazuri na wabaya.

Kuipima valvu hakuhitaji mashine. Ivue. Kama ni ya pistoni au kiwambo, ibonyeze kwa kidole mpaka ifunguke, kisha ziba kwa kidole kingine tundu la ule mpira mwembamba, na uachie. Ikibaki imefunguka mpaka utoe kidole, kiwambo ni kizima. Ikirudi yenyewe, kiwambo kimechanika. Magari ya Volkswagen na Audi ya tabo, hasa ya zamani kidogo yenye valvu za plastiki, yana ugonjwa huu sana, kwa sababu kiwambo chake chembamba cha mpira huchoka na kupasuka. Kuna valvu mpya zaidi zinazofunguliwa kwa umeme; hizo hazipimwi kwa kidole, zipime kwa umeme.

Njia nzima ya hewa nayo inapimika hapahapa mtaani. Kila kona ya Kipawa, Kiwalani na Vingunguti ina kijiwe cha pancha chenye kompresa. Tafuta kipande cha bomba kinachoingia kwenye mdomo wa kuvutia hewa wa tabo, kizibe upande mmoja kwa kifuniko kilichofungwa valvu ya tairi, na kikaze kwa klipu. Injini iwe imezimwa. Ziba mipira inayotoka kwenye injini kuleta mvuke wa oili, usije ukajaza presha kwenye sampu na kufukuza sili. Kisha jaza upepo taratibu, usizidi presha ambayo tabo hiyo hufanyia kazi, na kwa gari la petroli la kawaida baa 1 inatosha kabisa. Usisimame mbele ya bomba lolote, klipu mbovu inaweza kuachia na bomba likaruka usoni. Chukua chupa ya maji ya sabuni na upulizie kila kiungo. Mahali palipopasuka patatoa povu, na mara nyingi utasikia kabla ya kuona. Kazi hii ni ya nusu saa. Kama fundi hajaifanya, hana haki ya kumwambia mtu anunue tabo.

Ukipata bomba lililochomoka, usilirudishe na oili yake. Ndani ya mabomba ya tabo kuna utando wa oili, na mpira ulioteleza jana utateleza kesho. Futa pande zote mbili mpaka zikauke, tumia klipu mpya. Na tuache kufunga mipira ya presha kwa vipande vya tyubu. Hewa inayotoka kwenye tabo ni ya moto kuliko wengi wanavyodhani. Hapa kwetu, siku ya nyuzi 32, tabo inayoshindilia baa 1 inaitoa hewa ikiwa na nyuzi zaidi ya 100, na kama tabo si hodari sana inazidi 120. Tyubu haikutengenezwa kwa joto hilo. Joto hilo pia ndilo linalofanya intakula, ile rejeta ya hewa, iwe muhimu hapa Pwani kuliko nchi za baridi, kwa hiyo ukiikuta imejaa matope na vipande vya mifuko ya plastiki, isafishe.

Kwenye dizeli maelezo yanabadilika. Injini ya dizeli ya kawaida inasimamiwa kwa kiasi cha mafuta, haina throto inayofunga ghafla njia ya hewa, hivyo haihitaji dampu valvu. Vipo vifaa vinavyouzwa ili Hilux au Land Cruiser ya dizeli itoe mlio. Vinamwaga presha ambayo injini imeilipia kwa mafuta. Sioni sababu yoyote ya kuvifunga. Dizeli ikipiga mluzi ikiwa na mzigo na kutoa moshi mweusi, mafuta yanaingia na hewa haitoshi: anza na ekilina, mipira ya intakula na klipu zake. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo unapoweza kuanza kuishuku tabo na sili zake. Tabo nyingi za dizeli za kisasa zina mabawa madogo yanayojirekebisha upande wa moshi, na gari linalotembea safari fupi za foleni tu hujaza masizi humo mpaka mabawa yanakwama.

Neno juu ya mashine za kusoma makosa. Alama ya P0299 inasema presha iko chini ya inayotakiwa, na P0234 inasema imezidi. Hakuna alama inayosema "badilisha tabo". Mashine inakupa dalili, ugonjwa unautafuta mwenyewe.

Na hiyo P0234 inatisha kuliko ile nyingine. Kazi ya kuzuia presha isizidi ni ya westigeti, kilango kilicho upande wa moshi kinachoupitisha moshi pembeni ili tabo isizunguke kupita kiasi. Wapo wanaouchezea mpira wa westigeti ili gari liwe jepesi. Magari ya tabo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na okteni karibu 100. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Ukiongeza presha juu ya petroli hiyo, katika joto la Dar es Salaam, petroli inaanza kuungua kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni zinavunjika kingo. Injini nyingi za Subaru za tabo zilizolala kwenye nyua za gereji zilikufa kwa njia hii au kwa kukosa oili. Kuhusu oili, nitaje kitu kimoja tu: baadhi ya injini hizo zina kichujio kidogo sana ndani ya bolti ya kupitishia oili, na oili chafu inakiziba, tabo ikafa ikiwa kavu. Mkifunga tabo nyingine bila kukiangalia, na hiyo itakufa.

Hapa Kipawa tuna bahati ambayo hatujaitumia. Kituo cha VETA cha TEHAMA kiko jirani yetu, na vijana wanaojifunza umeme mdogo na kompyuta wanapita mbele ya gereji zetu kila siku. Magari ya tabo ya leo yanaongozwa na sensa. Fundi anayejua spana na kijana anayejua kusoma volti za sensa wakikaa kwenye gari moja, wote wawili watatoka wakijua zaidi.

Kwa hiyo, mafundi wenzangu, tengenezeni kile kipimo cha bomba na valvu ya tairi wiki hii, na mteja awepo mnapopima ili aone povu kwa macho yake. Na wewe mwenye gari, ukiambiwa tabo imekufa, uliza kwanza kama njia ya hewa imepimwa kwa upepo. Kama jibu ni hapana, usitoe pesa. Na wewe kijana mwenye Forester, valvu ya kiwandani uliyoivua, kama bado unayo nyumbani, irudishe kwenye gari.